Dawa ya kuua magugu kwenye bustani ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huanza na lalamiko moja: nimepuliza dawa na magugu hayajafa. Mengine huanza na kilio kibaya zaidi: magugu yamekufa, na nyanya zangu nazo zimekwenda. Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. Imenunuliwa bila kwanza kuangalia ni gugu gani linatakiwa life na ni mmea gani unatakiwa ubaki.

Je, kwenye bustani ndogo ninahitaji dawa kweli?

Kwa matuta machache ya mboga, mara nyingi hapana. Jembe dogo likipitishwa juu juu wakati magugu yana majani mawili au matatu, siku ya jua, hukausha karibu yote kabla ya jioni. Matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 10, huzuia mengi yasiote kabisa kwa sababu mbegu ndogo hazipati mwanga.

Dawa ina kazi yake mahali ambapo jembe linashindwa: magugu yenye mizizi inayotambaa chini kama sangari, ndago, vichaka vinavyochipua kila vikikatwa, njia za mawe, kingo za uzio, au kipande cha ardhi kilichoachwa miaka mingi na unataka kukianza upya. Huko itumie kwa makusudi, halafu rudi kwenye jembe na matandazo. Bustani inayopuliziwa dawa kila mwezi ina tatizo jingine ambalo dawa haitalimaliza, na mara nyingi tatizo hilo ni udongo ulioachwa wazi.

Dawa za magugu zinatofautianaje?

Jiulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa.

La kwanza, dawa inaua kwa kugusa au kwa kupenya? Ya kugusa huunguza sehemu ilipotua tu. Unaona majani yamekauka ndani ya siku moja au mbili, unafurahi, na mizizi inachipua tena. Inafaa kwa magugu machanga ya msimu mmoja. Ya kupenya hufyonzwa na majani na kusafiri na chakula cha mmea hadi mizizini. Glifosati ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi hili. Haina haraka: wiki moja hadi mbili hupita kabla hujaona kitu cha maana, na ndiyo maana watu wengi hurudia kupuliza bila sababu.

La pili, inachagua au haichagui? Isiyochagua huua kila kilicho kijani. Inayochagua huacha kundi fulani la mimea. 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, mahindi na jamaa zake. Fluazifopi hufanya kinyume: huua nyasi na kuacha maharage, nyanya na mboga nyingi za majani mapana.

La tatu, inafanya kazi kwenye majani au kwenye udongo? Dawa kama pendimethalini huwekwa kabla magugu hayajaota. Hukaa tabaka la juu la udongo na kuzuia mche usitoke. Gugu ambalo tayari limesimama mbele yako halishtuki.

Nitajuaje gugu langu liko kundi gani?

Ling'oe moja zima, na mizizi yake, ulitazame mkononi. Ukisugua shina kati ya vidole na kuhisi pembe tatu, hiyo ni ndago au jamaa yake, hata kama kwa mbali inafanana na nyasi. Shina la nyasi halisi huwa mviringo au bapa, lina vifundo, na mishipa ya majani yake hukimbia sambamba. Lenye mishipa iliyotawanyika kama wavu, kama kishona nguo, ni la majani mapana.

Halafu angalia chini. Mzizi mmoja uliosimama au kishada cha nyuzi nyembamba kwa kawaida ni gugu la msimu: likifa kabla ya kutoa mbegu, limekwisha. Ukiona kamba nyeupe zenye vifundo zinazotambaa, au viazi vidogo vyeusi vilivyoshikana kama shanga, una gugu la kudumu, na dawa ya kugusa haitakusaidia. Dakika hizi mbili zina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote dukani ambaye hajaliona gugu lenyewe.

Nimepanda nyanya, mchicha, maharage na mahindi pamoja. Ninunue ipi inayochagua?

Kwa bustani ya mchanganyiko, hakuna. Kwa kawaida inayoacha mahindi huua maharage, na inayoacha maharage huua mahindi. Dawa zinazochagua zilitengenezwa kwa ajili ya shamba la zao moja, na matangazo yake huwa hayasemi hivyo kwa uwazi.

Njia iliyobaki ni kuchagua kwa mkono wako. Chukua chupa kubwa ya plastiki, kata kitako chake, funika gugu kwa chupa hiyo, kisha ingiza ncha ya bomba la kupulizia kwenye mdomo wa chupa na upulize kidogo ndani. Subiri matone yatulie, hamia gugu jingine. Kwa yale yaliyobanana na mmea unaoupenda, vaa glavu na ulipake gugu dawa kwa brashi au sifongo iliyokamuliwa isidondoshe. Ni kazi ya taratibu, lakini kwenye eneo dogo unatumia dawa kidogo sana na hakuna kinachopeperuka. Angalia tu kama lebo ya dawa yako inaruhusu kupaka namna hiyo na kwa kipimo gani.

Usiguse kwa glifosati magome ya kijani ya miti michanga wala machipukizi yanayotoka shinani, maana dawa inapita humo hadi kwenye mti mzima.

Jirani alipuliza dawa kwenye nyasi zake na nyanya zangu zimejikunja. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. 2,4-D na jamaa zake huiga homoni ya ukuaji ya mmea. Nyanya, maharage na mizabibu huathirika na kiasi kidogo mno: ncha hujipinda, majani hujikunja kama kikombe au huwa membamba yenye mishipa iliyobanana. Baadhi ya aina zake hugeuka mvuke siku ya joto na kusafiri hata baada ya kupuliziwa vizuri.

Mmea ulioguswa kidogo unaweza kupona na kutoa machipukizi mapya yaliyonyooka. Lakini mboga iliyopigwa na dawa ambayo haikuandikishwa kwa ajili yake haina siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinazojulikana, kwa hiyo usiile.

Ndago hazifi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linalostahili subira kuliko yote. Ndago ina mnyororo wa viazi vidogo chini ya ardhi. Kile cha mwisho huamka na vingine hulala. Ukilima na kukatakata mnyororo, unaamsha vyote, na shina moja linakuwa kumi. Ncha zake ni kali kiasi cha kutoboa plastiki nyeusi ya kufunikia matuta.

Glifosati huifikia, ila kwa masharti. Iache iote majani ya kutosha, karibu matano, ili dawa ipate pa kuingilia, lakini usingoje mpaka ijaze viazi vipya. Iwe na maji, isiwe imenyauka kwa ukame. Puliza, kisha usiguse eneo hilo kwa wiki mbili. Vitakavyochipua baada ya hapo ni viazi vilivyokuwa vimelala. Vipulize tena vikifika hatua ileile ya majani. Panga msimu mzima, na pengine wa pili. Sambamba na hilo, tumia udhaifu wake mkubwa: ndago haipendi kivuli. Mmea unaotambaa na kufunika ardhi, kama viazi vitamu au maboga, huidhoofisha huku ukikupa chakula.

Ni wakati gani mzuri wa kupuliza?

Asubuhi umande ukishakauka, upepo ukiwa mwepesi na unaelekea mbali na mboga zako. Mchana wa jua kali matone hukauka kabla ya kupenya. Jioni au alfajiri iliyotulia kabisa nayo ina hatari yake: hewa baridi hulala chini na ukungu wa dawa huelea hadi usikotarajia.

Mvua huosha dawa. Bidhaa nyingi za glifosati huhitaji saa 4 hadi 6 bila mvua, nyingine hutosheka na saa moja au mbili, lebo inasema. Majani yenye vumbi jingi yaoshwe siku moja kabla, kwa sababu glifosati hushikwa na vumbi na kupoteza nguvu. Na usifyeke kwanza halafu ukapuliza visiki. Kwa dawa ya kupenya, majani ndiyo mlango.

Dawa ya kwenye udongo ina ratiba tofauti: huwekwa baada ya kusafisha kitalu, udongo ukiwa na unyevu, na kwa kawaida huhitaji maji kidogo baadaye ili iingie sentimita chache za juu. Ukiifukua kwa jembe baada ya hapo, umevunja lile tabaka. Na kumbuka haitofautishi mbegu ya gugu na mbegu yako ya mchicha, isipokuwa zao lako limetajwa kwenye lebo.

Lebo inasema lita 3 kwa hekta. Mimi nina kipande kidogo tu. Nipime vipi?

Hapa ndipo wengi hukisia, na kukisia kunaharibu zaidi ya dawa mbaya. Fanya hivi mara moja tu, kwa maji matupu.

Pima eneo la mita 5 kwa mita 5, yaani mita za mraba 25. Jaza maji kwenye bomba hadi alama unayoijua, puliza eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima ni maji kiasi gani yanahitajika kurudi kwenye alama ile. Tuseme ni lita 1. Hekta ina mita za mraba 10,000, hivyo mita za mraba 25 ni sehemu moja ya 400. Lita 3 ni mililita 3,000. Gawanya kwa 400 upate mililita 7.5. Hicho ndicho kipimo chako: mililita 7.5 za dawa kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 10 litachukua mililita 75 na kufunika mita za mraba 250. Mwenzako mwenye mwendo wa haraka atapata hesabu nyingine, ndiyo maana kuazima kipimo cha mtu hakufai.

Pima kwa sirinji isiyo na sindano au kikombe chenye alama, kiwekwe kwa kazi hiyo tu. Kijiko cha jikoni kisitumike kabisa, na vifuniko vya chupa havilingani.

Nikizidisha kidogo si itaua haraka?

Hapana. Dawa ya kupenya ikizidi inaweza kuunguza majani upesi kabla haijasafiri, na mizizi ikabaki hai. Ikipungua, magugu yenye nguvu yanapona na kuzaa.

Maji ya aina gani?

Maji safi. Glifosati hushikamana na chembe za udongo, hivyo ukichanganya na maji ya matope umeiua dawa ndani ya bomba. Maji yenye chumvichumvi nyingi ya kalsiamu nayo huipunguza nguvu. Wakulima wengi hutia kwanza mbolea ya salfeti ya amonia kwenye maji, kisha dawa, pale lebo inaporuhusu. Weka maji nusu ya bomba, tia dawa, jaza maji, tikisa. Changanya kiasi cha kumaliza siku hiyohiyo.

Naweza kutumia bomba lilelile la dawa ya wadudu?

Tenga bomba la magugu na uliandike kwa rangi isiyofutika. Mabaki ya 2,4-D hung'ang'ania mpira na mabomba ya ndani, na kiasi kisichoonekana kwa macho kinatosha kuharibu nyanya wiki kadhaa baadaye. Nozeli, yaani ncha inayotoa dawa, pia ni tofauti: kwa magugu tumia ile inayotoa dawa bapa kama upepeo, kwa presha ndogo, ili matone yawe makubwa na yasipeperuke. Nozeli ya kutoa ukungu mwembamba ni ya wadudu na magonjwa.

Baada ya kupuliza nisubiri muda gani kupanda?

Inategemea dawa. Glifosati hushikwa na udongo na haizuii mbegu kuota, kwa hiyo mara nyingi unaweza kupanda ndani ya siku chache, ingawa magugu ya kudumu yanahitaji angalau wiki moja kabla ya kulimwa ili dawa ifike chini. 2,4-D huhitaji wiki kadhaa kwa mazao ya majani mapana. Atrazini, inayotumika kwenye mahindi, inaweza kukaa udongoni hadi msimu unaofuata na kudhuru maharage. Sipendekezi dawa ya namna hiyo kwa bustani ya nyumbani, ambako kila kona hubadilisha zao.

Je, glifosati inaleta saratani?

Taasisi kubwa hazikubaliani. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za usalama za Marekani na za Umoja wa Ulaya zilihitimisha kuwa haielekei kusababisha saratani ikitumiwa inavyoelekezwa. Sehemu ya tofauti hiyo ni swali lenyewe: shirika la kwanza linauliza kama kitu kinaweza kudhuru, mamlaka zinauliza kama kinadhuru kwa kiasi ambacho watu hukutana nacho.

Msimamo wangu ni rahisi. Usingoje mabishano yaishe ndipo uvae glavu. Itumie pale tu palipo na sababu, isikuguse, isiguse chakula chako.

Na parakwati, ile dawa ya magugu inayoua kwa kugusa?

Isiingie nyumbani kwako. Funda moja la dawa hiyo isiyochanganywa linaweza kuua mtu mzima, na haina dawa ya kuitibu. Mtu anaweza kuonekana ana nafuu siku za mwanzo wakati mapafu yanaendelea kuharibika. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007, na nchi nyingi nyingine zimeipiga marufuku. Hakuna gugu la bustanini linalostahili hatari hiyo.

Chumvi, siki na maji ya moto, je?

Maji yanayochemka ni mazuri kwenye nyufa za njia ya mawe. Tahadhari na miguu yako. Siki ya jikoni, yenye asidi kama asilimia 5, huunguza miche midogo lakini mizizi ya gugu kubwa hurudi. Siki kali ya asilimia 20 inafanya zaidi, ila inaweza kupofua macho, kwa hiyo ichukulie kama kemikali nyingine yoyote. Chumvi usiiguse: haiozi, inabaki udongoni na kuua utakachopanda kesho.

Na kamwe usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Nilitia samadi nzuri, mboga zikapinda. Samadi inaweza kuwa na dawa ya magugu?

Ndiyo, na wengi hawalijui hili. Dawa kama aminopiralidi, zinazotumika kwenye malisho, hupita tumboni mwa ng'ombe au farasi bila kuvunjika, huingia kwenye samadi, na hubaki hata baada ya kuoza kuwa mboji. Nyasi kavu za matandazo zinaweza kuwa nayo pia.

Jaribu kabla ya kumwaga toroli zima. Jaza vyungu vitatu vidogo kwa samadi iliyochanganywa na udongo, na vingine vitatu kwa udongo mtupu. Panda maharage. Baada ya wiki mbili hadi tatu, ukiona kwenye samadi majani yamejikunja na ncha zimepinda huku mengine yamenyooka, samadi hiyo isiingie kwenye mboga.

Nivae nini, na watoto na wanyama wakae mbali muda gani?

Glavu za mpira zisizopitisha kemikali, viatu vya mpira, suruali nje ya kiatu, mikono mirefu, miwani wakati wa kuchanganya. Nguo zifuliwe peke yake. Watoto, kuku na mbwa wasikanyage mpaka dawa ikauke kabisa, au zaidi kama lebo inasema. Usipulize karibu na kisima wala bwawa la samaki. Baadhi ya vinata, yaani viongezi vya kuifanya dawa ishike kwenye majani, vinavyowekwa kwenye glifosati hudhuru samaki na vyura. Magugu yenye maua yanayotembelewa na nyuki yafyeke maua kwanza au yaache.

Mtu akimwagikiwa au akimeza?

Ngozi: vua nguo, osha kwa maji mengi na sabuni. Macho: maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Akimeza, usimtapishe, nenda hospitali papo hapo na uchukue chombo chenye lebo, kwa sababu matibabu hutegemea kiambato, yaani kemikali yenyewe inayoua, kilichoandikwa pale. Usingoje dalili.

Dawa imeacha kufanya kazi kwenye magugu yaleyale. Ni feki?

Huenda. Angalia kizibo kama hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho, na namba ya usajili. Lakini kuna sababu nyingine. Kupuliza kiambato kilekile mwaka hadi mwaka huacha hai yale magugu machache yanayokistahimili, nayo ndiyo huzaa. Duniani aina zaidi ya 250 za magugu zimekwisha kuwa sugu kwa dawa moja au nyingine. Kubadilisha chapa hakusaidii kama kiambato ni kilekile. Soma maandishi madogo. Yaliyobaki hai yang'oe kwa mkono kabla hayajatoa mbegu.

Mabaki na chupa tupu nizipeleke wapi?

Mchanganyiko uliobaki umalizie kwenye magugu mengine yanayoruhusiwa na lebo, si mtaroni. Suuza chupa mara tatu, kila mara mimina maji ya kusuuzia ndani ya bomba na uyapulize. Kisha itoboe isije ikawekewa maji au mafuta, na uipeleke kwenye kituo cha taka za kemikali kama kipo, au umuulize aliyekuuzia kama anazipokea. Usiichome. Dawa isiyotumika ibaki ndani ya chombo chake cha asili chenye lebo, kwenye kabati lenye kufuli. Kuihamishia kwenye chupa ya soda au ya maji kumewaua watoto na watu wazima waliodhani wanakunywa kinywaji.